Barua ya wazi kwa Afisa Elimu Sekondari wa Manispaa ya Moshi

YAH: KUSOGEZA MBELE MUDA WA WANAFUNZI WA KUTWA KURIPOTI SHULENI

Ndugu Afisa Elimu,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mkazi wa Pasua na mwalimu mstaafu, na kwa miaka mingi ya utumishi wangu nilikuwa miongoni mwa walimu wa zamu waliosimama getini saa 12:30 asubuhi kuandika majina ya wachelewaji. Ninaomba ofisi yako ielekeze kwamba mwanafunzi wa sekondari ya kutwa asitakiwe kufika shuleni kabla ya saa 1:45 asubuhi.

Nianze na lililo langu. Nilifundisha hisabati, na kipindi cha kwanza cha kidato cha tatu kilikuwa changu. Palikuwa na binti aliyetoka Mabogini kwa miguu, ambaye alisinzia kabla sijamaliza kuandika swali la pili ubaoni. Nilimsimamisha nyuma ya darasa kama tulivyozoea, naye akalala akiwa wima, bega limeegemea dirisha. Nikamwita mzazi. Mama yake alipofika alinieleza, kwa heshima kubwa kuliko niliyostahili, kwamba mtoto huamka saa 10:30 alfajiri ili awahi namba. Sikuwa na jibu, na kesho yake nilirudi getini na fimbo yangu.

Ndugu Afisa, kinachomwamsha mtoto huyo saa hiyo si masomo. Katika shule nilizofundisha, kipindi cha kwanza kilianza saa 2:00. Saa moja na nusu iliyotangulia ilikuwa ya kufagia, kudeki, kumwagilia bustani, kukaa mstarini na, kwa madarasa ya mitihani, kufanya jaribio la asubuhi. Kazi hizo za usafi zinaweza kufanyika kwa dakika ishirini baada ya vipindi vya mchana, na paredi haihitaji zaidi ya dakika kumi, isipokuwa pale mwalimu anapopenda kuhutubia. Hakuna kipindi hata kimoja kitakachopotea.

Liko pia jambo la jua, ambalo nadhani hatulitafakari vya kutosha. Saa ya Afrika Mashariki imepimwa kwa mstari wa nyuzi 45 za longitudo mashariki, unaopita Somalia, ilhali Moshi ipo kwenye nyuzi 37 na kidogo. Kila nyuzi moja ni dakika nne, kwa hiyo saa zetu za ukutani zinalitangulia jua letu kwa takribani nusu saa. Mwezi Julai jua linachomoza hapa kati ya saa 12:35 na saa 12:40, maana yake mwanafunzi aliyeiwahi kengele ya saa 12:30 amefika kabla ya jua, na aliyetoka nyumbani saa 11:30 ametembea gizani, katika baridi ya msimu huo, au amesimama kituoni akisubiri daladala ambayo konda wake anatanguliza abiria wa nauli kamili. Wazazi wenye mabinti wanajua giza hilo lina nini.

Tulizoea kuwaambia walale mapema. Ushauri huo ni mzuri kwa mtoto wa darasa la tatu, lakini mtu akibalehe mwili wake hubadilika: melatonini, homoni inayouarifu mwili kwamba usiku umeingia, huanza kutoka kwa kuchelewa, pengine hadi saa mbili nzima kuliko alipokuwa mdogo. Kijana wa umri huu anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Anayeamka saa 11:00 alfajiri angepaswa kuwa amelala saa 3:00 usiku ili apate angalau hizo nane, na saa hiyo ndiyo kwanza amemaliza kuosha vyombo na kufungua daftari.

Wapo watakaosema kwamba tukiwaongezea muda wa asubuhi watakesha zaidi na simu. Mjini Seattle, Marekani, mwaka 2016 shule za sekondari ziliacha kuanza saa 1:50 asubuhi zikawa zinaanza saa 2:45. Watafiti waliowavisha wanafunzi vifaa vya mkononi vya kupima usingizi walikuta wanalala dakika 34 zaidi kila usiku. Zingatia kwamba hiyo saa 1:50 waliyoiona ni ya mapema mno, kwetu ni saa ya mchelewaji aliyekwisha kuchapwa. Jimbo la California nalo, tangu Julai 2022, limezuia kwa sheria sekondari zake za juu kuanza kabla ya saa 2:30, isipokuwa baadhi ya shule za vijijini.

Mimi siombi saa 2:30. Ninajua kwamba huku kwetu mtoto akirudi analo jani la ng'ombe la kukata kabla giza halijaingia, na kwamba wako wazazi wanaotoka alfajiri kwenda sokoni ambao hupenda kufunga mlango mtoto akiwa ameshaondoka. Kwa hao, geti libaki wazi mapema na darasa moja lifunguliwe, bila kazi, bila namba na bila adhabu.

Ukiona ni vigumu kutoa maelekezo hayo kwa manispaa nzima, chagua shule mbili, moja ya mjini na moja ya pembezoni, zijaribu katika muhula wa pili unaoanza Julai. Hapatahitajika fedha. Madaftari ya mahudhurio yapo, na ya wachelewaji yapo pia, baadhi yakiwa na mwandiko wangu; yalinganishwe na ya Julai iliyotangulia, na walimu wa kipindi cha kwanza waulizwe wanaona nini madawatini. Nikiitwa kusaidia kuyapitia, nitakuja.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu,
Pasua, Moshi.