Mkiwacheka watu wa theluji, kumbukeni Mombasa Road

Kwako Mhariri,

Kila mwaka ikifika Disemba na Januari zile video huanza kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, magari yanateleza huko majuu kama mtu amekanyaga sabuni bafuni, watu wamelala kwenye viwanja vya ndege, na sisi huku tunacheka, eti si wavae jaketi wasonge, si ndio walitaka majuu. Hata mimi nilicheka sana. Sasa msimu wa baridi uliopita nilikuwa Minneapolis, Marekani, kwa binti yangu, alikuwa amejifungua nikaenda kumpikia uji na kumshikia mtoto, na kicheko kikaniisha.

Baridi yenyewe sitaisema sana. Jaketi yangu ya Gikomba, ile muuzaji aliniapia ni ya kazi, binti yangu aliishika kwa vidole viwili akasema mama, hii ni ya baridi ya Limuru.

Kilichonishangaza ni jioni moja simu ya mkwe wangu ikaingia ujumbe wa jiji, theluji imezidi, kwa hivyo kuanzia saa tatu usiku hakuna kupaki kwenye zile barabara kubwa, kesho yake mchana kutwa hakuna kupaki kwenye barabara zingine upande wa nyumba zenye namba shufwa, kesho kutwa ni zamu ya upande wa witiri, ukiacha gari lako hapo linabebwa na brekidauni na faini juu. Basi. Kila mtu akatoka na sepetu yake akachimbua gari, na usiku malori yenye kibao cha chuma mbele yakapita yakikwangua. Wanamwaga na chumvi, chumvi tu mama yangu kama ya kutia kwa sukuma, barafu inayeyuka, lakini baridi ikizidi sana chumvi nayo inashindwa, ndio wanaweka mchanga magari yapate kushika barabara. Na pale mjini kati wamejenga vijia vya vioo juu ya barabara, unatoka jengo hili unaingia lile bila kukanyaga nje, ukiviunganisha vyote ni kama kilomita 15. Vijia hivyo siombi, hapa tungeshaviuza kama vyuma chakavu.

Lakini msifikirie wazungu wameweza kila mahali. Mkwe wangu zamani aliishi Atlanta, huko kusini ambako theluji ni mgeni kama tu kwetu, na anasema tarehe 28 Januari 2014 ilianguka theluji kidogo sana, sentimita kama sita hivi, hata gambuti haizami, na jiji likakufa. Watu walilala ndani ya magari barabarani, wanafunzi wakalala shuleni na wengine kwenye basi. Kwa nini? Manake ofisi na shule ziliona theluji mchana zikafungulia watu wote kwa wakati mmoja, barabara zikajaa pap, na yale malori ya chumvi yakakwama kwenye jam hiyo hiyo yaliyotakiwa kuizuia. Nikamwambia wee, hiyo ni Nairobi! Si ndivyo tunavyofanya, wingu likijikusanya saa kumi jioni kila mtu anafunga kompyuta anakimbilia steji, nauli ya hamsini inakuwa mia mbili, na saa mbili usiku bado uko Bellevue kwenye Mombasa Road ukitazama maji yakipanda tairi.

Kurudi nyumbani ndio nikaonja mwenyewe. Pale Minneapolis ndege ilimwagiwa dawa ya rangi ya chungwa kwenye mabawa, nikaambiwa barafu ikikaa hapo inaharibu umbo la bawa na ndege haipai vizuri, sawa, hapo sina neno. Kufika Amsterdam theluji nayo iko, flaiti ya Nairobi imekanselwa. Nikakaa nikitafuna biskuti za mkoba mpaka kijana mmoja wa Eldoret akaniambia mama, usilale njaa, sheria ya Ulaya inasema theluji hawakulipi fidia lakini chakula na mahali pa kulala ni lazima. Nikaenda kaunta nikadai, nikapewa kuponi ya chakula. Hoteli walikuwa nayo ila iko nje ya uwanja na mimi sina viza ya kutoka, kwa hivyo nikalala kwenye kitanda cha kukunja na kile kijaketi cha Limuru juu yangu. Msafiri mwenzangu anayepitia huko miezi hiyo, beba dawa zako na nguo ya kubadilisha kwenye mkoba wa mkononi, la sivyo utanikumbuka.

Sasa Mhariri, ombi langu ni dogo. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa huwa inatuambia mvua kubwa inakuja, haijifichi. Kinachokosekana ni mtu wa kusema jioni ya kuamkia siku hiyo: barabara hii itafungwa saa fulani, shule hizi zitawatoa watoto saa saba, ofisi za upande huu zitoke saa tisa na zile kumi na moja, tusitoke wote mara moja. 2024 shule zilikuwa zifunguliwe tarehe 29 Aprili, zikasogezwa wiki moja kwa sababu ya mafuriko wakati masanduku yashafungwa, kisha zikasogezwa tena, watoto wakaenda tarehe 13 Mei. Mzazi aliyekuwa amelipa nauli mbele alirudishiwa na nani? Hata waajiri wasingoje serikali, wewe una watu arobaini na unaona wingu, unashindwa kuwatoa kwa mafungu?

Binti yangu ananiita tena Februari. Nimemwambia mjukuu wangu nitamwona Juni.

Nyanya wa Imara Daima,
Nairobi