Sahihi Mbili: Barua kwa Watayarishaji Wachanga wa Filamu za Makala, Nairobi

Wanangu,

Jumanne iliyopita mmoja wenu alinijia nyumbani Buruburu na mkataba wa kurasa 31. Alikuwa na furaha ya mtu aliyengoja miaka minne. Stesheni ya ng'ambo imeipenda filamu yake, fedha zipo, kilichobaki ni sahihi. Akaniambia, "Mama, nisomee kidogo kabla sijatia kalamu." Nikavaa miwani. Chai ikapoa. Nilipofika ukurasa wa 19 nikakunja pembe ya karatasi, nikamwuliza, "Hizi diski zako, zenye kila kitu ulichorekodi kule kijijini, baada ya hapa zitakuwa za nani?"

Akanyamaza.

Kimya hicho ndicho kilichonifanya niwaandikie nyote, ninyi mnaoandika maombi ya ruzuku usiku wakati umeme uko, mnaorekodi harusi na video za mashirika ili kodi ilipwe, kisha Jumapili mnapanda matatu na kamera mkaendelee na filamu yenu. Najua maisha hayo. Nimeyaishi zaidi ya miaka thelathini, tangu nikiwa mtu wa kubeba mikanda hadi nikawa mkuu wa vipindi. Nina jambo moja tu la kuwaambia, nalo ni kuhusu karatasi.

Watu wakisikia mtayarishaji hudhani ni tajiri anayetoa pesa, au ni yule anayeita teksi na kununua chakula cha mchana. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001 inawaona tofauti. Mwenye kuhesabiwa kuwa mtunzi wa filamu, inasema, ni yule aliyefanya mipango ya kuitengeneza. Si aliyeshika kamera. Ni ninyi. Lakini geuzeni kurasa mfike kifungu cha 31. Ukiagizwa kazi, haki inahesabiwa kuwa ya aliyeagiza, isipokuwa mmeandikiana vingine. Na haki haihamishwi kwa mdomo, lazima pawe na maandishi. Kwa hiyo ile filamu uliyoilea kama mtoto inaweza kuwa yako leo na kesho asubuhi iwe ya mtu mwingine, na katikati hakuna kilichotokea ila kalamu kupita juu ya karatasi.

Niwasimulie nilivyojifunza.

Mwaka wa 1993 nilikuwa msaidizi wa kampuni moja ya kigeni iliyokuja kurekodi maisha ya mitaa ya mabanda. Kazi yangu ndiyo ile mnayoiita ufiksa: kutafuta watu, kutafsiri, kutuliza askari wa jiji, kujua ni njia ipi haina matope. Niliwapeleka Korogocho kwa mama mmoja ambaye nyumba yake ilibomolewa katika mtaa wa mabanda wa Muoroto mnamo Mei 1990. Alisimulia mchana kutwa akichambua maharagwe kwenye ungo. Alipofika pale pa kurudi kwenye vifusi kutafuta sufuria, mikono yake ilisimama, halafu ikaendelea. Tulijaza mikanda sita ya video ya Betacam, dakika 30 kila mmoja.

Jioni ikatolewa fomu. Ilikuwa ya Kiingereza, herufi ndogo, ukurasa mzima. Ilisema kwamba sura yake, sauti yake na maisha aliyoyasimulia vingetumika duniani kote, milele, kwa njia zote zilizopo na zitakazobuniwa baadaye, bila malipo zaidi. Mimi nikamtafsiria hivi: "Mama, hapa unasema tu kwamba umekubali." Maneno sita. Hakujua kusoma. Alibonyeza kidole gumba kwenye wino wa buluu, akakibonyeza kwenye karatasi, kisha akakifuta kwa ncha ya leso yake. Doa likabaki kwenye leso. Mpaka leo naliona.

Wiki mbili baadaye, katika hoteli moja ya katikati ya jiji, nilitia sahihi yangu ili nipokee malipo. Duniani kote, milele, kwa njia zote. Maneno yalikuwa yale yale. Nisibaki na nakala ya chochote. Nilikuwa nadaiwa kodi ya miezi miwili, nikatia sahihi nikashukuru.

Baadaye nilipanda cheo. Katika stesheni moja hapa jijini nilikaa upande wa pili wa meza, mwenye kiti cha ngozi na katibu mlangoni, na vijana wakaniletea filamu zao. Mkataba wetu ulikuwa ukurasa mmoja na nusu na ulichukua kila kitu. Nisingeweza kusema sikujua maana yake. Mikanda ilikuwa ghali, na bajeti ilipobana tulirekodi taarifa ya habari juu ya mikanda ya zamani. Mahojiano ya wazee waliokuwa wamebaki wachache, ngoma za arusi ambazo hazichezwi tena, vyote vilifutwa hivyo, na karatasi zilisema ni mali yetu kufuta. Hilo linaniuma kuliko la hoteli, kwa maana pale nilikuwa na mamlaka ya kukataa.

Sasa angalieni waliofanya vinginevyo. Mpiga picha Mohamed Amin alizaliwa papa hapa Nairobi mwaka wa 1943, na akaanzisha kampuni yake, Camerapix, akiwa kijana wa miaka ishirini. Picha alizorekodi Korem, Ethiopia, Oktoba 1984 ziliuamsha ulimwengu kuhusu ile njaa. Alifariki Novemba 1996, ndege ya Ethiopia iliyotekwa nyara ilipoanguka baharini karibu na Komoro. Lakini hazina ya picha zake imebaki Camerapix, na mwanawe, Salim Amin, alipotaka kutengeneza filamu kuhusu baba yake, picha zilikuwa nyumbani.

Au mtazameni mkulima Kisilu Musya wa Ukambani. Alipewa kamera ajirekodi mwenyewe, mvua ikija na mvua ikikosa, na filamu ya Thank You for the Rain ilipotoka mwaka wa 2017, jina lake lilikuwa kwenye orodha ya waongozaji pamoja na Julia Dahr wa Norwe. Si "mhusika". Mwongozaji. Mtu aliketi mahali akaamua kuliandika jina lile pale, na wa kuamua hayo mara nyingi ni mtayarishaji.

Na filamu ya Softie mnaijua, wengine mliifanyia kazi. Mwongozaji Sam Soko aliwafuata mwanaharakati Boniface Mwangi na familia yake kwa miaka, naye Toni Kamau akiwa mtayarishaji pamoja naye. Januari 2020 ikaenda Sundance, tamasha la filamu la Marekani, ikarudi na tuzo ya uhariri. Mwaka huo huo Toni akaalikwa kwenye akademia ile inayotoa Oscar. Mnaposoma habari kama hiyo mnaona tuzo. Mimi naona ile miaka. Naona mke na watoto wadogo ndani ya nyumba yenye kamera, na vitisho mlangoni, na mtu ambaye kila asubuhi lazima ajiulize kama leo inafaa kurekodi. Hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Basi, kuhusu mkataba wenu na wanunuzi. Jifunzeni kutofautisha kuuza na kukodisha. Stesheni haihitaji kuimiliki filamu ili iionyeshe. Inahitaji ruhusa, kwa miaka fulani, katika nchi fulani. Andikeni miaka hiyo. Andikeni nchi hizo. Afrika Mashariki ibakizeni mikononi mwenu hata wakiongeza senti, maana nimeona filamu ya watu wa Turkana ikionyeshwa miji mikubwa ya Ulaya huku kwao, mjini Lodwar, haiwezi kuonyeshwa hata kwenye ukuta wa shule, kwa kuwa haki za dunia nzima zimeuzwa, na Lodwar iko duniani. Picha zisizotumika kwenye filamu ziandikiwe kifungu chake peke yake: ni zenu. Mkiahidiwa asilimia ya faida "baada ya gharama kurudishwa", ulizeni gharama zipi, na orodha hiyo ifungwe kabla ya sahihi, kwa sababu gharama zisizofungwa hazijawahi kwisha. Na tafuteni wakili anayejua hakimiliki, si binamu anayeshughulika na kesi za mashamba. Wekeni fungu la wakili kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, kama mnavyoweka la mafuta ya gari.

Mtaniambia wanunuzi ni wachache na ukibishana wanaenda kwa mwingine. Ni kweli, wengine wataondoka. Lakini wengi nilioketi nao walileta karatasi ya kwanza wakiwa na ya pili, yenye masharti nafuu, mfukoni, na waliouliza ndio walioipata. Nilijua hivyo kwa sababu hata mimi, kwenye kile kiti cha ngozi, nilikuwa nayo.

Hapo nyote mnaniunga mkono, najua. Sasa nigeukieni hapa palipo pagumu.

Ile fomu mnayowatilisha sahihi watu wa Mathare, wa Marsabit, wa Kilifi, mliitoa wapi? Niliiomba kwa yule kijana Jumanne. Akaitoa kwenye simu. Duniani kote, milele, kwa njia zote zilizopo na zitakazobuniwa. Mama wa Korogocho alikuwa pale, kwenye kioo cha simu, miaka mingi baada ya ule wino.

Hamwezi kulia kwa mnunuzi mkitenda hivyo hivyo kwa mtu mnayemrekodi kwenye kigoda chake. Msomeeni fomu yote kwa lugha yake, si kwa maneno sita. Mwambieni wazi kwamba jirani ataiona, kwamba mwanawe aliye Nairobi ataiona kwenye simu, kwamba kitu kikishaingia kwenye intaneti hakirudi. Rekodini akisema amekubali nini na amekataa nini. Mwachieni nakala. Kisha rudini, maana aliyekubali kabla ya mazishi si lazima awe amekubali baada yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inampa mtu haki ya kuondoa idhini yake. Najua imeacha nafasi kwa wanahabari na wasanii, na mawakili wenu watawaonyesha nafasi hiyo. Msiitumie kumfungia mtu mlango. Filamu ikikamilika, yeye awe wa kwanza kuiona, akae mbele, kabla ya tamasha lolote lile. Na mwekeeni kwa maandishi haki ya nakala ya kila dakika aliyomo, yeye na watakaomrithi.

Mnaona nimetaja warithi. Mwaka wa 2011 kijana mmoja alinipigia simu. Nyanya yake wa Korogocho alikuwa amefariki, na nyumbani hawakuwa na picha yake ila ile ya kitambulisho. Alisikia utotoni kwamba wazungu walimrekodi na kwamba mimi ndimi niliyewaleta. Nikaiandikia kampuni. Ilikuwa imekwisha kununuliwa na nyingine, na hiyo nyingine ikanijibu kwa adabu sana, pamoja na orodha ya bei. Picha zao huuzwa kwa sekunde.

Masaa matatu ya nyanya yake, kwa sekunde.

Nilimpigia kijana nikamweleza. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza swali moja: je, kwenye mkanda, aliongea kwa sauti gani? Alikuwa mdogo, hakuikumbuka. Nikajaribu kumwigizia kwenye simu. Nikamwambia kuhusu maharagwe, na jinsi mikono ilivyosimama. Sikuwa na kingine cha kumpa.

Jumamosi baada ya saa nane nipo nyumbani. Njooni na mikataba yenu, ya wanunuzi na ya wale mnaowarekodi, zote mbili pamoja. Moja peke yake siisomi. Ule wa kurasa 31 bado uko mezani kwangu, ukurasa wa 19 umekunjwa pembe, na nimeandika pembeni kwa penseli. Mwenyewe aje auchukue, na ile fomu ya kwenye simu aje nayo imepigwa chapa, tuanze na hiyo.

Mama yenu,
Buruburu