Barua kwa Baba Zuhura: Kiti Kimebadilishwa, Deni Liko Palepale

Embakasi, Nairobi
14 Septemba 2025

Ndugu yangu Baba Zuhura,

Barua yako nimeipokea juzi, na nimemshukuru Mungu kusikia kwamba mama amekwisha kuruhusiwa kurudi nyumbani na sasa anakula vizuri. Sisi huku hatujambo, ila baridi ya mwaka huu imekawia kuondoka na magoti yangu yanalalamika kila asubuhi. Salamu za watoto nimezifikisha.

Nakwenda moja kwa moja kwenye swali lako, kwa sababu umeliuliza kwa ukali kidogo, kama tulivyokuwa tukibishana chuoni. Unataka kujua kwa nini Wakenya, baada ya kushangilia faida ya shilingi bilioni 5.4 ambayo Kenya Airways iliipata mwaka 2024, faida ya kwanza kwa zaidi ya miaka kumi, tunatazama tu sasa shirika likirudi kwenye hasara ya zaidi ya bilioni 12 katika miezi sita ya kwanza ya mwaka huu, bila kumwondoa mkubwa wake na kumweka mwingine. Jibu langu ni fupi, lakini sababu zake ni ndefu: hilo tumelifanya, tena zaidi ya mara moja, na kila tulipolifanya wafanyakazi walipiga vigelegele asubuhi na kufikia jioni wakawa wanasomewa mpango mpya wa kubana matumizi.

Utakumbuka kwamba shirika lenu la ndege huko Tanzania, ATCL, na letu ni watoto wa mama mmoja, aliyefariki mwaka 1977 wakati East African Airways ilipovunjika pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe. Letu lilibinafsishwa mwaka 1996, KLM ya Uholanzi ikachukua asilimia 26 ya hisa, na hisa nyingine zikauzwa kwa wananchi katika Soko la Hisa la Nairobi. Titus Naikuni alikalia kiti cha mkurugenzi mtendaji kuanzia mwaka 2003 hadi 2014, na kwa miaka mingi ya kipindi hicho ilikuwa fahari kumwambia mgeni kwamba umesafiri na KQ, yaani Kenya Airways. Hapo ndipo ulipozaliwa mpango mkubwa wa kununua ndege, wa kulifikisha shirika kwenye ndege zaidi ya 100 ndani ya miaka kumi. Mpango huo uliitwa Mawingu. Hadi leo sijui aliyelichagua jina hilo alisahau vipi kwamba mawingu huweza kupita bila kudondosha hata tone.

Nakuomba uliangalie jambo moja la wakati huo kwa makini, maana ndilo lililopanda mbegu ya ugomvi wote. Mwaka 2012, huku mikopo ya ndege mpya ikiandaliwa, shirika lilipunguza wafanyakazi karibu 600. Kati yao, 447 walioondolewa bila hiari yao walifunguliwa kesi na chama chao dhidi ya shirika; wakashinda, wakaamriwa warudishwe kazini, kisha Mahakama ya Rufani ikaifuta amri hiyo mwaka 2014. Hebu jiweke katika nafasi ya mpakiaji mizigo aliyebaki kazini. Ameona wenzake wakiambiwa kwamba hakuna fedha, na kwenye uwanja uleule akaona ndege mpya zikitua zikiwa zimepakwa rangi zinang'aa. Mtu huyo ukimwambia tena, miaka kumi baadaye, kwamba hakuna fedha, atakuaminije?

Baada ya hapo mambo yakawa mabaya kwa haraka. Jengo la abiria wa kimataifa la uwanja wa Jomo Kenyatta liliungua Agosti 2013, mashambulizi ya kigaidi yakawafukuza watalii, Ebola ikafunga njia za Afrika Magharibi mwaka 2014, na ndege kubwa zikawa zinafika wakati abiria wanapungua. Hasara ya mwaka ulioishia Machi 2015 ilikuwa bilioni 25.7, na ya mwaka uliofuata bilioni 26.2. Mbuvi Ngunze, aliyempokea Naikuni, alirithi nyumba iliyokwisha kushika moto, na kazi yake ikawa kutoa vyombo nje: ndege aina ya Boeing 777 zikakodishwa kwa Turkish Airlines, na nafasi ya kutua uwanja wa Heathrow, London, ikauzwa kwa Oman Air kwa dola milioni 75. Mimi nilifundisha uhasibu miaka 27, na naweza kukuambia kwamba uuzaji wa aina hiyo husaidia kulipa mishahara ya leo kwa kutumia mapato ya kesho.

Marubani hawakumwonea huruma. Aprili 2016 waligoma kwa muda mfupi, na Oktoba mwaka huohuo chama chao, KALPA, kikatoa notisi ya mgomo ambayo madai yake hayakuwa mshahara wala posho. Walitaka mwenyekiti wa bodi, Dennis Awori, na mkurugenzi mtendaji waondoke. Awori akaondoka, Michael Joseph aliyewahi kuiongoza Safaricom akawa mwenyekiti, na Juni 2017 akaletwa Sebastian Mikosz kutoka Poland, mtu aliyekuwa ameliongoza shirika la ndege la nchi yake. Kwa hiyo, Baba Zuhura, dawa unayoniandikia ilishanywewa, tena walioikoroga ni wafanyakazi wenyewe.

Mikosz alikuwa na wazo ambalo kwenye karatasi lilipendeza: kwamba Kenya Airways ipewe usimamizi wa uwanja wa Jomo Kenyatta, ili mapato ya uwanja yalibebe shirika. Wafanyakazi wa uwanja wakasoma karatasi hiyohiyo kwa macho mengine, wakaona ajira zao zinakwenda kutumika kuziba pengo ambalo wao hawakulichimba. Tarehe 6 Machi 2019 wakagoma. Polisi wa kutuliza ghasia walirusha vitoa machozi ndani na nje ya majengo ya abiria, katibu mkuu wa chama chao, KAWU, akakamatwa, na wasafiri wakawa wanakimbia na masanduku yao bila kujua wakimbilie wapi. Bunge likaukataa mpango huo, na Julai likapitisha pendekezo kwamba shirika lirudishwe mikononi mwa serikali, jambo ambalo halijatekelezwa mpaka ninapoandika. Mikosz aliondoka mwisho wa mwaka huohuo kabla mkataba wake haujaisha. Allan Kilavuka akashika nafasi yake Januari 2020, miezi michache tu kabla korona haijazilaza ndege zote chini.

Sasa nifike kwenye mgomo ninaoufahamu kwa karibu zaidi, wa Novemba 2022. Magazeti yaliandika kwamba marubani wanataka fedha, na watu wengi mtaani wakawatukana, kwa kuwa rubani kwa hesabu ya mtaani ni tajiri. Lakini kiini cha ugomvi kilikuwa mfuko wa akiba ya uzeeni. Kila mwezi mfanyakazi hukatwa sehemu ya mshahara wake, na mwajiri huongeza sehemu yake. Mwaka 2020 ndege ziliposimama, mwajiri alisimamisha mchango wake. Ndege ziliporudi angani, mchango haukurudi, na malimbikizo ya mishahara nayo yakabaki mezani. Uongozi ulisema shirika linaishi kwa kuongezewa damu na hauwezi kulipa kisichokuwepo. Pande zote mbili zilikuwa zinasema kweli, na ndiyo maana hapakuwa na wa kumshawishi mwenzake.

Jirani yangu wa ghorofa ya juu ana binti ambaye ni mhudumu wa ndani ya ndege. Mgomo ulianza Jumamosi tarehe 5. Jumapili asubuhi sare yake nyekundu ilikuwa imefuliwa na kuanikwa kwenye kamba, na Jumatatu ilikuwa palepale, na Jumanne palepale, imekwisha kukauka zamani, hakuna aliyejali kuianua. Yeye hakuwa mgomaji. Ndege hazikuruka, basi hakuwa na pa kwenda. Alikaa kwenye ngazi na simu mkononi akingoja ratiba. Nilimuuliza yuko upande gani, akanijibu, "Mzee, marubani wakishinda sisi hatuongezewi, na wakishindwa sisi ndio tunapunguzwa." Mahakama iliamuru marubani warudi kazini kufikia saa kumi na mbili asubuhi ya Jumatano tarehe 9, nao wakarudi. Sare ikaondoka kwenye kamba. Shirika lilisema kila siku ya mgomo ilikuwa inaligharimu takriban shilingi milioni 300.

Hapa nitawalaumu marubani kidogo, ingawa katika suala la akiba niko upande wao. Walipopata nguvu ya kumng'oa mwenyekiti mwaka 2016, wangeweza kudai jambo gumu zaidi kuliko kichwa cha mtu, yaani kwamba mikataba ya kununua na kukodi ndege ionyeshwe vyama vya wafanyakazi kabla ya kutiwa saini. Hawakudai. Labda kwa sababu kumwondoa mtu huonekana kwenye televisheni siku hiyohiyo, na kusoma mkataba wa kurasa 200 hakuonekani popote.

Maana ndani ya mikataba hiyo ndimo mlimo jibu la swali lako. Shirika hili hukusanya sehemu ya nauli zake kwa shilingi, lakini ndege, mafuta na mikopo mikubwa hulipwa kwa dola. Chukua mwaka 2023: kazi yenyewe ya kurusha ndege ililetea faida ya bilioni 10.5, yaani rubani, fundi, mhudumu na mpakiaji walifanya yaliyowapasa. Hata hivyo hesabu ya mwisho ikaonyesha hasara ya bilioni 22.7, kwa sababu shilingi ilikuwa imeanguka na deni la dola likavimba bila mtu kukopa hata senti. Mwaka 2024 shilingi ikapanda, kutoka karibu 160 kwa dola hadi karibu 129, deni likanywea, na sehemu kubwa ya ile faida tuliyoishangilia ikatoka hapo. Mwaka huu ndege tatu aina ya Dreamliner zilisimama chini kwa matatizo ya injini na vipuri, na hasara ikarudi. Niambie, katika mambo hayo, ni lipi lingebadilika kama kwenye kile kiti angekaa mtu mwingine?

Sisemi kwamba viongozi hawana makosa. Nasema kwamba aliyetia saini huwa amekwisha kustaafu wakati wa kulipa unapofika, na anayetukanwa ni yule aliyemkuta karani mlangoni na ankara mkononi.

Na wewe usinicheke sana. Nyinyi mlimpokea mkurugenzi mpya wa ATCL mwaka 2024, mmeziona Airbus zenu zikisimama kwa ajili ya injini, na kila Aprili mnamsubiri CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, awasomee hasara. Tofauti yenu ni kwamba ndege zenu zilinunuliwa na Wakala wa Ndege za Serikali kisha zikakodishwa kwa ATCL, hivyo deni limelala chumba kingine cha nyumba hiyohiyo. Ningependa uniandikie wafanyakazi wa huko wanasemaje kuhusu kodi hiyo ya ndege, kama wanaijua ni kiasi gani, na kama kuna aliyewahi kuwaambia. Muulize shemeji yako wa karakana, ila usimtaje jina katika barua.

Desemba nitakuja, Mungu akipenda. Mama Rukia anataka tupande basi kupitia Namanga ili anunue vitunguu njiani. Mimi nimekwisha kuulizia bei ya tiketi ya ndege, na tangu nilipoitajiwa nimeanza kuyapenda mabasi. Msalimie mama sana, mwambie dawa ya magoti aliyonielekeza bado naitumia.

Ni mimi rafiki yako,
Baba Rukia