Barua ya wazi kwa vijana wavuvi walioingia mwambani usiku

Wanangu na wajukuu zangu,

Assalamu alaykum. Nimesubiri siku tisa kabla ya kushika kalamu, kwa sababu barua inayoandikwa siku ile ile ya hasira huwa na matusi ndani yake, nami sitaki kuwatukana watoto niliowaona wakizaliwa. Hata hivyo hasira haijaisha, na sitaificha.

Mwamba wetu ulifungwa miezi mitatu, pweza wasivuliwe hadi wakue, kwa makubaliano ya mkutano wa kijiji, nanyi mlikuwepo mliponyoosha mikono. Kwa miezi hiyo yote mama zenu, ambao ndio wachokoaji wa pweza tangu enzi za bibi zao, waliupita mwamba huo kila bamvua, maji yanapokupwa sana, wakaenda miamba ya mbali, na mara nyingi walirudi na pweza wawili au mikono mitupu. Zilipobaki siku mbili tu tufungue, usiku wa maji makavu, niliona tochi za kichwani zikienda na kurudi juu ya mwamba. Nilizihesabu zikafika kumi na moja. Siku ya kufungua wanawake waliingia baharini kwa vigelegele, wakatoka kimya.

Alfajiri ya usiku ule nilimkuta mmoja wenu akisuuza ndoo ufukweni. Sitamtaja, wala sikumfokea. Nilimuuliza kwa nini, akanijibu bila kuniangalia: "Babu, nisipochukua mimi, atachukua mwenzangu."

Jibu hilo ndilo lililoniandikisha barua hii. Kijana yule hakusema kwamba hajui. Anajua kuliko mimi nilivyojua katika umri wake. Mmekaa kwenye semina, mmepewa fulana na posho, mmeonyeshwa picha ukutani. Mnajua kwamba pweza wetu haishi zaidi ya mwaka mmoja na miezi kadhaa, na kwamba akiwa mchanga uzito wake huongezeka maradufu katika muda wa mwezi mmoja hivi, kiasi kwamba kumwacha majuma machache ni sawa na kuweka akiba inayozaa yenyewe. Mnajua kwamba jike hutaga mara moja tu maishani, akayaning'iniza mayai yake kwenye dari ya pango, kisha akakaa nayo bila kwenda kuwinda, akiyapulizia maji safi hadi yaanguliwe, naye akafa. Yule mnayemchomoa na nondo akiwa amejibana pangoni na hataki kutoka, mara nyingi ni mama aliyelalia maelfu ya watoto wake. Mambo haya mnayajua nyote, na tochi kumi na moja zilikwenda.

Kwa hiyo mtu asije tena kunieleza kwamba bahari inakwisha kwa sababu wavuvi hawana elimu. Bahari yetu inakwisha kwa sababu kila mmoja wetu ana uhakika kwamba jirani yake ni mwizi, basi anaamua kuwahi. Mwenye kuwahi naye anampa jirani sababu ya kuwahi zaidi msimu ujao. Ugonjwa ukiwa huo, picha nyingine ukutani haitautibu.

Nayasema haya nikiwa nimeshiriki uharibifu mkubwa kuliko wenu. Nilipokuwa na miaka 17 nilikuwa baharia katika chombo kilichovua kwa baruti, ingawa sheria ilikuwa imekwisha kuikataza tangu mwaka 1970. Kazi yangu ilikuwa kupiga mbizi baada ya mlipuko. Juu ya maji walielea samaki wachache, na chini yake nilikuta wengi zaidi wamezama, kwa kuwa kibofu cha hewa kinapopasuka samaki haelei. Tulichukua tulichoweza na kuacha kilichobaki kioze. Matumbawe ya pale yalikuwa marefu kuliko mimi, yakawa kifusi. Mwaka jana nilimwomba mwanangu anipeleke, nikatazama kwa kioo cha kuchungulia majini: miaka zaidi ya arobaini imepita, na pale bado ni kifusi kinachobingirishwa na mkondo, hakuna tumbawe linaloweza kushika mizizi juu ya mawe yasiyotulia. Na mimi pia, wanangu, nilipoulizwa na marehemu baba yangu, nilimjibu kwamba nisipokwenda mimi watakwenda wengine. Ndiyo maana sikumfokea kijana wa ndoo.

Milipuko imepungua sana katika pwani yetu tangu katikati ya miaka ya 2010, doria zilipokazwa. Nashukuru, lakini doria haiwezi kusimama juu ya kila mwamba kila usiku wa bamvua. Yapo mahali ambako watu walibadilika wao kwa wao, na hao ndio ninaotaka muwatazame. Huko Andavadoaka, kusini-magharibi ya Madagaska, wavuvi wa kuchokoa kama mama zenu walianza mwaka 2004 kufunga sehemu moja ya mwamba kwa miezi michache. Walipofungua wakapata pweza wakubwa, na vijiji jirani vilivyoona kwa macho yao vikafuata. Kule Kuruwitu, Kilifi, nchini Kenya, wazee na wavuvi walitenga hekta 30 za bahari wakaziita tengefu, na samaki waliokuwa wamepotea wakarudi. Kisiwani Chumbe, kusini ya mji wa Zanzibar, mwamba ulitangazwa hifadhi mwaka 1994, na walinzi waliochukuliwa walikuwa wavuvi wa vijiji vya karibu. Hawabebi silaha. Kazi yao ni kumwendea mvuvi mwenzao aliyeingia mpakani na kuzungumza naye kwa lugha anayoielewa, kwa sababu wao wenyewe walikuwa wakivua pale.

Katika sehemu zote tatu mtu wa kawaida alipata uhakika kwamba akijizuia yeye, na mwenzake atajizuia, na kwamba faida ya subira itamrudia. Uhakika huo hautoki mbinguni. Unajengwa kwa mambo madogo yanayoonekana: zamu ya kulinda inayojulikana ni ya nani, mizani iliyowekwa hadharani siku ya kufungua, faini iliyopangwa na wavuvi wenyewe na kulipwa na mtoto wa mwenyekiti sawasawa na mtoto wa yatima. Sisi tulifunga mwamba kwa maneno tu, tukaenda kulala. Hilo ni kosa letu wazee, na nalikubali.

Nina jambo la kokoro, yaani juya, pia, nalo halitaki maneno mengi. Juya linalokokotwa juu ya nyasi za bahari linazoa watoto wa tasi, wa changu na wa pono kabla hawajafika mwambani, na wale wanaotumia chandarua kuvulia wanazoa hata wasioonekana vizuri kwa macho. Mnaniambia hao ni dagaa. Si dagaa, ni watoto wa samaki ambao mwakani mtawatafuta kwa dema na mshipi na msiwaone. Pono mnayemmaliza ndiye anayekwangua majani yanayoyafunika matumbawe. Kikande mnayemdharau ndiye anayekula wale viumbe wa miiba mirefu, na akitoweka wao huzaliana hadi wakautafuna mwamba wenyewe. Mwenye juya akitaka kuacha lakini hana mtaji wa jarife, wavu wa matundu makubwa, aje tuzungumze. Kijiji kilichochangia harusi tatu mwezi uliopita hakishindwi kuchangia nyavu.

Mengine mnayajua: kasa akinaswa arudishwe majini na mayai yake yasichimbuliwe, mikoko isikatwe kwa kuchomea chokaa, taka za plastiki zirudi na chombo. Watu wa Gazi, Kwale, nako Kenya, wanatunza hekta 117 za mikoko tangu mwaka 2013, wakalipwa kwa hewa ya ukaa ambayo mikoko hiyo inaihifadhi, na fedha zimeleta maji na vifaa vya shule. Mkoko uliosimama unalipa.

Sasa niseme na wengine waliosimama nyuma yenu, maana si haki kumkemea mwenye nondo pekee. Pweza wale wa usiku waliuzwa asubuhi. Kuna mchuuzi aliyewapokea, akawaona ni wadogo, akawatia kwenye barafu bila kuuliza, ingawa kanuni za uvuvi za Tanzania Bara zinakataza pweza wa chini ya nusu kilo. Kuna mwenye mkahawa mjini aliyewanunua, na mlaji anayependa vipande vidogo kwa sababu ni laini, ambaye jioni hiyo hiyo atalaumu wavuvi kwa kuharibu mazingira. Wapo viongozi wanaokuja mara moja kwa mwaka kuchoma nyavu mbele ya kamera, wakaondoka bila kumuuliza aliyechomewa atakula nini kesho. Mvuvi ndiye anayeambiwa abadilike kila siku, huku mnunuzi akiachwa na tabia yake. Mchuuzi akimkataa pweza mdogo kwa mwezi mmoja tu, tochi zitazimika zenyewe kabla hata ya doria.

Nimezungumza na wachuuzi watatu wa diko letu, pale samaki wanaposhushwa na kuuzwa. Wawili wamekubali kutopokea pweza wa chini ya nusu kilo, na kutonunua pweza yeyote katika siku saba za mwisho kabla mwamba haujafunguliwa. Wa tatu amesema atafuata akiona wenzake wamefanya kweli. Mnaona kwamba hata yeye anasema neno lile lile la kijana wa ndoo, ila ameligeuza upande wa kheri.

Sitapeleka majina yenu kwa mtu yeyote. Nawaomba mje, wote kumi na moja, Ijumaa baada ya swala ya alasiri, chini ya mkungu ulio mbele ya diko. Mama zenu watakuwepo, nao wana haki ya kusema kabla yangu. Tutapanga zamu za ulinzi wa kipindi kijacho, nami nimependekeza zamu za usiku mpewe ninyi, kwa kuwa hakuna anayeijua njia ya mwambani gizani kama mnavyoijua. Nimenunua daftari jipya la kuandikia majina ya zamu na uzito wa kila pweza siku ya kufungua. Njooni na zile tochi, tutazihitaji.

Ni mimi mzee wenu, ninayewapenda.