Umepita Miaka 20, Mbona Namba ya Miwani Bado Inapanda?

"Hii miwani imeniharibu macho." Malalamiko haya tunayasikia sana dukani kwetu hapa Kisumu, hasa kutoka kwa wanafunzi wa chuo na vijana wanaoshinda kwenye kompyuta. Mtu haoni mbali, alianza na namba -1.50 akiwa sekondari, akaambiwa namba itatulia akishakua. Sasa ana miaka 24 na amefika -3.00. Wengine huamua kuivua ili macho "yapumzike". Tafadhali msifanye hivyo.

Asiyeona mbali mara nyingi ana jicho lililorefuka kupita kiasi. Jicho la mtu mzima lina takriban milimita 24 kutoka mbele hadi nyuma. Likizidi hapo, mwanga hukutana kabla ya kufika kwenye retina, ule utando wa nyuma unaopokea picha, na maandishi ya matatu iliyo ng'ambo ya barabara yanafifia. Milimita moja ya ziada inatosha kupandisha namba kwa 2.50 hivi. Lenzi ya miwani hurudisha mwanga mahali pake tu, haina nguvu ya kulivuta jicho. Kuvaa namba pungufu makusudi nako hakusaidii: katika utafiti wa Malaysia uliochapishwa mwaka 2002, watoto waliopewa miwani pungufu namba zao zilipanda haraka kuliko wenzao waliopewa namba kamili.

Kwa wengi jicho huacha kurefuka kati ya mwisho wa ujana na miaka ya mwanzo ya ishirini, lakini si kwa wote. Anayerithi tatizo hili kwa wazazi, kisha akasoma saa nyingi ndani ya chumba na simu iko karibu na pua, anaweza kuendelea kupanda kidogo kidogo hata baada ya hapo.

Kinachotutia wasiwasi ni namba inayoruka ghafla. Sukari ikipanda mwilini, lenzi ya jicho hubadilika na namba nayo, kwa hiyo tutakuuliza kuhusu kiu na kukojoa mara kwa mara. Kijana mwenye mzio anayefikicha macho kila siku, na ambaye herufi anaziona zina kivuli, tunamkagua konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho: huenda inakonda na kuchongoka. Ikigunduliwa mapema, daktari anaweza kuikaza kwa matone ya vitamini B2 na mwanga maalumu. Ikichelewa, miwani haitamtosha tena. Acheni kufikicha macho, jamani, hata yakiwasha vipi.

Wakati mwingine namba kubwa ni ya muda tu. Misuli ya jicho hukaza baada ya kukesha na vitabu, na kipimo kikadanganya. Ndiyo maana tunapenda uje asubuhi ukiwa umelala vizuri. Tukishuku hilo, tunakuelekeza kwa daktari akutie matone ya kulegeza misuli kabla ya kupima upya.

Ukishafika -6.00, retina iko hatarini zaidi, na inafaa ikaguliwe kila mwaka mboni ikiwa imepanuliwa kwa dawa. Ukiona mimweko, vidoti vyeusi vingi kwa ghafla au kama pazia linashuka upande mmoja, usije dukani kwetu. Nenda hospitali ya macho siku hiyo hiyo.

Ukija kupimwa, beba miwani yako ya zamani, hata iliyovunjika, pamoja na karatasi za vipimo ulizonazo. Tukizilinganisha ndipo tutajua namba inapanda kwa kasi gani.