Mwanangu, lile jina uliloniuliza

Shepparton, Jumapili jioni

Mama,

Nakuita hivyo kwa sababu umebeba jina la mama yangu mzazi, na kwa sababu haya ninayotaka kukuandikia leo singeweza kumwandikia mtu nisiyemheshimu. Mimi na mama yako hatujambo. Tumeanza kupogoa miti ya peasi. Asubuhi vidole vinakufa ganzi, lakini kazi ipo, tunamshukuru Mungu.

Wiki mbili zilizopita ulinipigia simu ukaniambia unatunga wimbo juu ya kaka yako. Ukaniuliza tena lile swali uliloniuliza ukiwa na miaka 14, siku ulipokuta makaratasi yetu ya ukimbizi kabatini, ukaona jina la mtoto ambaye hukuwahi kuambiwa kwamba aliwahi kuishi. Siku ile nilikujibu, "Hayo tuyaache." Safari hii nilikuambia mtandao unakatika. Haukuwa unakatika. Nisamehe.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikimsikiliza Archie Roach, yule mwimbaji wa Kiaborijini, wenyeji asilia wa hapa Australia, kila usiku, na yeye ndiye aliyenifikisha kwenye kalamu hii. Wewe wa muziki utakuwa unamjua kuliko mimi. Hata hivyo nivumilie nikusimulie maisha yake kama ninavyoyaelewa mimi, mzee aliyetoka Fizi kule Kongo akapitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania.

Nilimfahamu akiwa ameshafariki. Mwaka 2022, wakati huu huu wa baridi, mzee mmoja wa Kiaborijini niliyekuwa napanga naye peasi kwenye makasha alikuja kazini hasemi na mtu. Wakati wa chai akaniambia kwamba mwimbaji wao ameondoka, na kwamba alizaliwa hapa hapa, ng'ambo ya mto, Mooroopna. Jioni nikamtafuta kwenye simu. Wimbo wa kwanza kuusikia ulikuwa "Took the Children Away", yaani waliwachukua watoto. Niliusikiliza mara nne mfululizo. Mara ya tano mama yako akaniomba nizime.

Alizaliwa Januari 1956. Lile bonde la mto tunalopita kwa gari tukitoka Shepparton kwenda Mooroopna, penye miti mirefu na maji yanayotuama wakati wa mafuriko, ndipo familia nyingi za Wayorta Yorta, Waaborijini wa huku, walipoishi kwenye vibanda vya mabati na magunia baada ya kuondoka Cummeragunja, makazi waliyowekwa na serikali, mwaka 1939, wamechoka kuonewa. Kwa miaka mingi nilipita pale nikiona miti tu. Siku hizi nikipita nakumbuka maturubai yetu.

Watu wa mama yake, Nellie, walikuwa wa Framlingham, makazi waliyotengewa Waaborijini karibu na Warrnambool, kule kusini kwenye bahari, na huko ndiko familia ilikorudi. Archie alikuwa kitinda mimba. Akiwa na miaka 2 au 3 hivi, serikali ilikuja ikamchukua yeye na dada zake. Wazazi hawakuwa wamekufa, wala hawakuwa wamewatupa watoto wao. Ndivyo sheria na sera za nchi hii zilivyokuwa: mtoto wa Kiaborijini aondolewe kwao, akalelewe na wazungu au kwenye vituo, asahau alikotoka. Uchunguzi wa serikali uliotolewa mwaka 1997 ulikadiria kwamba kati ya mwaka 1910 na 1970 walichukuliwa watoto wasiopungua mmoja katika kila kumi, na pengine walifika mmoja katika kila watatu. Wanaitwa Vizazi Vilivyoibwa.

Baada ya kuhamishwa huku na huku, Archie aliwekwa Melbourne kwa familia ya Cox, watu waliotoka Scotland. Hawa walimpenda. Baba wa nyumba alipenda nyimbo za kwao Scotland, na binti yao mkubwa alimfundisha mwanzo wa gitaa na kinanda. Nao walikuwa wamedanganywa, kama alivyodanganywa mtoto, kwamba wazazi wake waliungua kwenye moto wa nyumba. Nimewafikiria sana watu hawa. Walimlea vizuri kijana wa watu wakiwa wameshika uongo mikononi bila kujua.

Sasa sikiliza hili. Alipokuwa na miaka 14 hivi, yuko darasani, kipaza sauti cha shule kikaita jina: Archibald William Roach. Yeye alikuwa anajijua kama Archie Cox. Hakujua kwamba ni yeye anayeitwa. Kulikuwa na barua, kutoka kwa dada yake aitwaye Myrtle, ikimwambia kwamba mama yao Nellie amefariki siku chache tu zilizopita, na kwamba ana kaka na dada walio hai. Kwa barua moja akapata mama na kumpoteza papo hapo.

Nilipofika hapo nilikukumbuka wewe umesimama mlangoni na yale makaratasi, una miaka 14, jina liko mbele yako na baba yako anakuambia mliache.

Aliondoka nyumbani na gitaa lake. Miaka ipatayo 14 aliishi mitaani, Sydney, Adelaide, Melbourne, pombe ikimla. Akiwa Adelaide, bado kijana mdogo, alikutana na Ruby Hunter kwenye kituo cha Jeshi la Wokovu walikokuwa wanakwenda vijana wasio na kwao. Ruby naye alichukuliwa kwao, akiwa na miaka 8. Watu humtaja kama mke wa Archie tu, na hiyo si haki. Alikuwa mtunzi kamili. "Down City Streets" ambao Archie aliuimba ni wimbo wa Ruby, na albamu ya Ruby ya mwaka 1994 inahesabiwa kuwa ya kwanza ya muziki wa roki kurekodiwa na mwanamke wa Kiaborijini peke yake. Kuacha pombe hakukuwa rahisi kwao. Lakini waliacha, wakalea wana wao, na nyumba yao ikawa kimbilio la watoto wengine wengi. Mtoto aliyechukuliwa kwao akawafungulia mlango watoto wa watu! Sijui niseme nini juu ya moyo wa namna hiyo.

Jambo ambalo limenisumbua zaidi ni hili. Mtu aliyemtaka Archie atunge wimbo juu ya kuchukuliwa kwa watoto alikuwa mzee wa Framlingham, Banjo Clarke, ambaye Archie alimwita mjomba kwa heshima. Archie akasema hawezi, alikuwa mdogo mno, siku ile haikumbuki. Mzee akamwambia kwamba yeye anaikumbuka, kwa sababu alikuwepo. Akamsimulia. Wimbo wote ule unaowaliza watu, mama, ulitoka kwenye kumbukumbu ya mzee aliyekubali kufungua kinywa. Angenyamaza, Archie angekuwa na sauti na gitaa, lakini wimbo huo asingekuwa nao.

Kumbe na mimi ndiye mzee aliyekuwepo.

Mengine unayajua, nitayapitia haraka. Mwaka 1988, Australia ikisherehekea miaka 200 tangu meli za Waingereza zitie nanga, wimbo huo ulianza kusikika. Kisha Paul Kelly, mwanamuziki mashuhuri wa nchi hii, akamwita Archie amfungulie onyesho kwenye ukumbi mkubwa wa Melbourne. Nyimbo mbili tu. Alipomaliza, ukumbi ulikaa kimya kabisa. Archie akadhani wamemchukia, akageuka aondoke jukwaani, ndipo makofi yalipoanza, kidogo kidogo, hadi yakajaa ukumbi mzima. Nakuombea upate watu wanaonyamaza namna hiyo. Mwaka 1990 Kelly na mpiga gitaa wake Steve Connolly wakamsaidia kutoa albamu ya kwanza, Charcoal Lane, iliyopewa jina la kichochoro cha Fitzroy, mtaa wa Melbourne, ambako Waaborijini walikuwa wanakutana, wanakunywa, wanaulizana habari za ndugu waliopotezana. Wewe unapita mitaa hiyo kila siku na gitaa mgongoni. Ukipita Gertrude Street, punguza mwendo.

Wimbo ule wa watoto ulipata tuzo ya haki za binadamu, jambo ambalo halikuwahi kutokea kwa wimbo katika nchi hii. Miaka saba baada ya albamu ndipo ikaja ile taarifa ya uchunguzi niliyokutajia, na tarehe 13 Februari 2008 Waziri Mkuu Kevin Rudd akasimama bungeni akawaomba radhi Vizazi Vilivyoibwa. Siku hiyo Archie aliimba Melbourne, mbele ya umati. Alikuwa na miaka 52. Mama yake hakuwepo kusikia.

Ruby alifariki Februari 2010. Mwaka huo huo Archie akapata kiharusi, ikabidi ajifunze gitaa upya, na mwaka uliofuata madaktari wakamkata sehemu ya pafu kwa sababu ya saratani. Mtu mwingine angekaa chini. Yeye mwaka 2012 alitoa albamu yenye kwaya nyuma yake, iliyojaa uchangamfu kuliko zote alizotangulia kutoa, na huo ndio muziki ninaousikiliza shambani. Mwaka 2020, dunia ikiwa imefungwa na Korona, alizirekodi upya nyimbo za albamu ya kwanza, ameketi kwenye meza ya jikoni kwake. Novemba hiyo walipompa heshima ya kuingizwa katika orodha ya wakongwe wa muziki wa Australia, aliimba akiwa Warrnambool, mipira ya oksijeni iko puani, na aliuimba wimbo ule ule wa watoto. Itazame hiyo video. Sauti haina haraka hata kidogo.

Alifariki tarehe 30 Julai 2022, akiwa na miaka 66, huko huko Warrnambool, karibu na mahali alipochukuliwa.

Na sasa nimefika kwenye kilichonikalisha mezani. Katika jamii nyingi za Waaborijini, mtu akifa jina lake halitajwi na picha yake haionyeshwi, kwa heshima na kwa uchungu. Wanawe walitoa ruhusa. Walisema jina, sauti na picha ya baba yao viendelee kutumika, ili kazi yake iendelee kuwatia watu moyo. Mimi niliposoma hayo nilielewa kwamba sisi hapa nyumbani tulikuwa na mwiko wetu ambao hakuna mzee aliyetufundisha. Tuliutunga mimi na mama yako kwa hofu. Nilimwuliza jana usiku. Alikaa kimya muda mrefu, akafua taulo za jikoni ambazo zilikuwa safi, kisha akasema, "Mwandikie."

Jina ulilolisoma kwenye makaratasi lilikuwa la baba yangu. Kaka yako alilibeba kama wewe ulivyobeba la mama yangu. Alikuwa na miaka miwili. Mwishoni mwa mwaka 1996 tulishuka kutoka milimani hadi ziwani, tukapata nafasi kwenye mtumbwi wa injini uliojaa watu, tukavuka Tanganyika usiku. Alikuwa na homa tangu siku tatu nyuma na dawa hatukuwa nayo. Mwenye mtumbwi alituomba tuwanyamazishe watoto. Wetu alinyamaza mwenyewe, kabla hakujapambazuka, na mimi niliyekuwa nimekaa ubavuni pake nilidhani amelala. Tulimzika ufukweni upande wa Kigoma, chini ya mwembe, kwa jembe la kuazima. Alipenda kushika sikio langu anaposinzia. Alikuwa na kovu dogo kidevuni, alianguka akimkimbiza kuku.

Liimbe jina lake, mama. Ruhusa umepewa na sisi wote wawili.

Bado kuna kitu kimoja ambacho siwezi kukuandikia kwa sababu sina. Mama yako alikuwa anamwimbia kwenye mtumbwi, kwa sauti ya chini sana, mdomo uko sikioni mwa mtoto, na aliendelea kuimba hata jua lilipotoka. Mimi maneno siyakumbuki. Yeye anayakumbuka. Anasema uje Jumamosi na treni ya asubuhi, nitakusubiri stesheni, na usisahau gitaa.

Baba yako