Barua kwa Mwanangu: Kabla Hujaituma Fomu

Mwanangu mpendwa,

Nimeisoma rasimu ya maombi yako ya chuo cha tiba mara tatu, na mara zote nimekwama palepale, kwenye sehemu ya utafiti, ulipoandika kwamba wewe ni mwandishi mwenza wa makala iliyochapishwa. Wiki mbili zilizopita uliniambia kwa simu kwamba mswada ndiyo kwanza umepelekwa kwenye jarida. Je, jibu limekuja usinieleze? Kama halijaja, liondoe neno hilo leo hii.

Kuna mswada uliowasilishwa, kuna ulio mikononi mwa wahakiki, kuna uliokubaliwa ukisubiri kutoka, na kuna makala iliyochapishwa. Kila hatua ina jina lake, na watakaoisoma fomu yako wanayajua majina hayo yote. Makala iliyotoka ina jarida, mwaka na namba ya utambulisho, hivyo anayeitafuta huipata mara moja. Akiitafuta yako akaikosa, hatasema umeteleza kalamu. Ataanza kutilia shaka hata zile saa ulizowahudumia wagonjwa, ambazo ni za kweli tupu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kazi yenyewe uliifanya, tena vizuri. Wewe ndiwe uliyepitia majalada ya wagonjwa usiku kucha, ukagundua kwamba vipimo vya shinikizo la damu vilikuwa vimenakiliwa kwa mitindo miwili tofauti, ukaanza upya kuingiza takwimu bila kuagizwa na mtu. Hilo hukuliandika popote! Umeandika tu kwamba ulishiriki katika utafiti, maneno ambayo hata aliyewafungulia mlango angeweza kuyaandika. Eleza swali la utafiti lilikuwa lipi, wewe ulifanya nini na wenzako walifanya nini, kwa kuwa lolote uliloliweka kwenye fomu unaweza kuulizwa siku ya mahojiano.

Kuhusu ule utafiti wa mwanzo, jina lako limo katika shukrani, na shukrani si uandishi. Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba inataka mambo manne yatimie kwa pamoja: mchango mkubwa katika kubuni utafiti au katika kukusanya na kuchambua takwimu, kuandika mswada au kuuhakiki kwa kina, kuidhinisha toleo la mwisho, na kukubali kuwajibika kwa kazi nzima. Ulikusanya takwimu, ukaishia hapo. Usinung'unike, mwanangu; itaje kazi hiyo kama kazi ya utafiti. Na kwa mswada huu mpya, mwandikie msimamizi wako umuulize jina lako ni la ngapi, maana mpangilio wa waandishi huweza kubadilika kabla makala haijatoka.

Huenda siku ile nilipowaambia shangazi zako kwamba umeshachapisha utafiti, nawe ukainamisha kichwa usiseme kitu, nilikutwika mzigo usiokuwa wako. Furaha ilinizidi. Nimempigia simu mkubwa wao nikamweleza kwamba mswada bado unasubiri majibu, kwa hiyo upande wa nyumbani hakuna anayekudai maelezo.

Paa la chumba chako limeanza kuvuja, na baba yako ameahidi kulishughulikia. Vyeti vyako nimevihamishia kwenye kabati letu, pamoja na kile cha kongamano ulikowasilisha bango la utafiti. Nilipokishika nikakumbuka kwamba hilo nalo umeliorodhesha chini ya makala. Liweke chini ya mawasilisho, pamoja na jina la kongamano na mwaka wake.

Ukishalibadilisha neno lile, nitumie ukurasa huo niuone kabla hujaituma fomu, hata ikiwa usiku wa manane.

Mama yako